Mstari wa Jina la Baba

Siku Antoni Okwach alipowaleta wazee wake kuniposa, niliamka nikiwa na furaha ya kijinga. Nasema ya kijinga kwa sababu mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mkuu wa kituo chenye wavulana arobaini na wawili, hatakiwi kusimama mbele ya kioo saa moja asubuhi akijaribu kitenge cha tatu. Mimi nilijaribu hadi cha nne. Shangazi Bernadeta, dada yake baba, alikuwa amekaa kitandani kwangu akinitazama kama mtu anayelinda maziwa yasifurike jikoni.

"Dorotea, vaa chochote. Hao hawaji kuangalia kitenge."

"Wanakuja kuangalia nini?"

"Kasoro. Wakwe wote ndivyo walivyo. Wewe waonyeshe kasoro ndogo mapema, waridhike, wale, wanywe, waondoke."

Nilicheka. Kasoro yangu haikuwa ndogo, shangazi, na wakati huo nikicheka ilikuwa imeshakunjwa mara mbili na kutiwa katika mfuko wa koti la mtu.

Kituo chetu kiko Pasiansi, katikati ya yale majabali, na ukisimama mlangoni unaliona ziwa lote mpaka macho yachoke. Bruda Venant, Mungu amrehemu, alikianzisha na wavulana sita aliowatoa Mwaloni, Kirumba, ambako walikuwa wakiishi kwa kuokota mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki viwanda vikishachukua minofu. Alipofariki, mwaka tisini na mbili, mimi nilikuwa mwalimu wa ushonaji tu. Wakaniambia nishike kituo kwa muda. Muda huo sasa ulikuwa na miaka minne. Darasa langu la ushonaji, mitumba ililiua mchana kweupe, tukabaki na useremala, viatu, na mitumbwi.

Mitumbwi ndiyo iliyomleta Antoni. Yeye ni Mjaluo wa Rorya, fundi wa Kirumba, na kwa miaka mitatu alikuwa akija kila Jumanne na Ijumaa kuwafundisha vijana wangu kupinda mbao, kugonga misumari na kuziba nyufa kwa pamba. Si mtu wa maneno. Alinitongoza miezi minane bila kufungua mdomo. Siku moja mlango wa ofisi yangu, uliokuwa ukikwaruza sakafu tangu enzi za Bruda, ukaacha kukwaruza. Wiki iliyofuata kiti changu kikaacha kuyumba. Kisha dirisha likapata komeo. Nilipomwuliza ni nani anayetengeneza vitu vyangu bila kuniambia, alitazama viatu vyake akasema, "Nilikuwa nasubiri viishe vya kutengeneza, ndipo niongee." Basi, ndugu msomaji, hapo nilikwisha.

Sasa nitaje kosa langu, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea.

Lilianza na Shimba. Tulimpokea masika moja ana homa, umri kama miaka tisa, nikambeba mpaka zahanati. Muuguzi akauliza jina. Akasema Shimba. Shimba nani? Mtoto akanitazama. Hakujua. Kalamu ya muuguzi ilikuwa hewani, foleni ndefu nyuma yetu, na mimi nikasema, "Andika Malimi." Malimi ni jina la baba yangu. Njia nzima ya kurudi Shimba aliishika ile kadi kwa mikono miwili. Kesho yake mwingine akanijia: "Mama, na mimi sina la mwisho." Nikampa. Nikampa na wa tatu. Walipofika kumi na mmoja, wote wa rika la Shimba, nilikuwa sijamwambia baba yangu hata mara moja.

Na kwetu Usukumani, kama ilivyo kwa Wajaluo, mtoto anayeitwa kwa jina la baba wa mama yake anajulikana ni mtoto gani. Amezaliwa nyumbani, mama hajatolewa ng'ombe. Hilo nililijua tangu utoto. Nilijiambia tu, nani atasoma kadi za zahanati?

Mwaka ule wa tisini na sita vijana hao kumi na mmoja walikuwa tayari kwa majaribio ya ufundi, daraja la tatu. Fomu zilikuja, za kurudishwa Jumatatu ya baada ya siku ile ya posa. Jina kamili. Jina la baba. Saini ya mlezi. Saini ya mwalimu wa fani. Kwenye jina kamili niliandika Malimi mara kumi na moja. Kwenye jina la baba niliacha wazi. Uongo mmoja ulinitosha. Pa mlezi nikasaini. Antoni akazichukua kwenda nazo kwake Kirumba azisaini, na baada ya wiki mbili akazirudisha hazijasainiwa.

"Kalamu iliniishia wino," akasema.

Mtu anayejenga mtumbwi wa mita nane kukosa kalamu! Nikamtania, nikaziweka mezani. Sikukumbuka kwamba katika wiki hizo mbili baba yake mdogo, Mzee Ogweno, alikuwa mgeni nyumbani kwake.

Walifika saa nne. Mzee Ogweno, mrefu, kofia mkononi, ndiye aliyemlea Antoni tangu baba yake alipofariki. Nyuma yake Shangazi Agutu, shangazi yake Antoni, mnene, mcheshi, mwenye kukumbatia. Wao ndio waliotaka posa ifanyike kituoni, eti waone binti anaishi vipi. Baba yangu, Mzee Malimi, mstaafu wa kiwanda cha kuchambulia pamba, alikuwa ameketi tayari kwenye kiti cha Bruda, amevaa suti aliyostaafia. Hakuwa anakipenda kituo changu. Alikuwa akisema wenzangu wanazaa, mimi naokota.

Vijana wakaleta sangara na ugali, wakanawisha wageni mikono, wakatoka kwa adabu. Moyo ulijaa. Antoni alikaa kwenye benchi la pembeni, shati jeupe limempwaya mabegani, na mara tatu nilimtazama nikitaka macho yetu yakutane. Hayakukutana. Nikadhani ni haya.

Walipokwisha kula, Mzee Ogweno alijifuta midomo akamgeukia baba.

"Mzee mwenzangu, una wajukuu wangapi?"

"Sina," baba akasema. "Dorotea ndiye mtoto pekee niliyebakiwa naye. Kaka yake alinifia mdogo. Wajukuu ndio kwanza mmekuja kuniletea."

"Una hakika?"

Baba akacheka. "Mtu anaweza kusahau kofia, hasahau mjukuu."

Mzee Ogweno akatia mkono katika mfuko wa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili, akavaa miwani.

"Shimba Malimi," akasoma. "Petro Malimi. Masanja Malimi. Maige Malimi."

Akaendelea hivyo, taratibu, hadi wa kumi na moja. Nilimwona baba akigeuza shingo polepole kuja upande wangu, na uso ule sijawahi kuuona tena, na nisiuone.

"Fomu zao za majaribio nimeziona mezani kwa Antoni, nikanakili," Mzee Ogweno akasema. "Kwanza nilidhani ni wa kwako, mzee. Nikasema, huyu mkwe ana nguvu."

Shangazi Agutu aliziba mdomo kwa ncha ya kitenge.

"Kisha nikaona. Mlezi, amesaini binti. Pa jina la baba, hakuna kitu. Kwetu hilo halihitaji mkalimani. Kwenu je?"

"Halihitaji," baba akasema.

"Sikuwazaa mimi, mzee!" Nilisimama bila kujua. "Ni vijana wa hapa. Hawakuwa na majina, nikawapa."

"Keti, mwanangu. Najua hukuwazaa. Una miaka ishirini na tisa, hao wana kumi na sita. Mimi najua, Agutu anajua. Lakini mimi nitakufa, na karatasi haifi. Ng'ombe zetu zikiingia kwa baba yako, kila mtoto anayekuja na mama yake amekuja kwetu. Boma la marehemu kaka yangu unarusha jiwe linatoka upande wa pili. Antoni ana wadogo wanne. Hawa kumi na moja watajenga wapi? Ziwani?"

Ningependa kuwaambia kwamba alikuwa mzee mbaya. Hakuwa. Alizungumza kwa upole, na kila alichosema kingesemwa na baba yangu kama angekuwa upande ule.

"Wewe ni msichana mzuri," Shangazi Agutu akaongeza kwa huruma. "Mmoja tungemmeza. Wawili tungewameza. Lakini kumi na moja, mwanangu!"

"Nataka vitu viwili," Mzee Ogweno akasema. "Mzee Malimi atamke mbele yetu kuwa hawa si wa nyumba yake. Na binti aandike upya hizo fomu bila jina hilo. Akifanya, tunazungumza ng'ombe leo leo, na mwezi wa kumi anahamia kwetu. Asipofanya, tutakuwa tumekula sangara mzuri, basi."

Nilimtazama Antoni. Alikuwa akitazama mikono yake.

Baba akamwambia Shangazi Bernadeta, "Waite. Hao wenye jina langu. Nataka kuwaona."

Wakaingia kumi na moja, wakapanga mstari ukutani, vumbi la mbao kwenye nywele. Shimba mbele, mrefu kuliko mimi siku hizi. Maige mwisho, mdogo wa mwili mpaka leo watu humwuliza yuko darasa la ngapi.

"Jina lako?" baba akamwuliza wa kwanza.

"Shikamoo, babu. Shimba."

"Marahaba. Shimba nani?"

"Shimba basi, babu. Hilo lingine tuliliandika kwa makosa."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Wewe?"

"Petro basi, babu. Hilo lingine tuliliandika kwa makosa."

"Wewe?"

"Masanja basi, babu."

Wakaenda hivyo mmoja mmoja, maneno yale yale, na kila aliyemaliza alitupa jicho kwenye benchi la pembeni. Mimi niliyewafundisha kwamba ukiongea na mkubwa unamtazama usoni yeye! Mzee Ogweno alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Ikafika zamu ya Maige.

"Maige," akasema. "Basi. Hilo lingine…" Akakwama. Akakunja uso, akajaribu tena. "Hilo lingine…" Mwishowe akageuka. "Mwalimu, tulisema tuliliandika, au tuliliokota?"

Hakuna aliyecheka. Shangazi Bernadeta alisema "Yesu wangu" chini chini. Baba akamtazama Antoni, Mzee Ogweno naye akamtazama Antoni, na nikajua kwamba hata Mzee Ogweno hakujua kuwa walifundishwa maneno yale.

Nilitoka nje kabla machozi hayajatoka.

Nilikwenda mpaka banda la mitumbwi. Mtumbwi wa majaribio ulikuwa juu ya magogo, mbavu zimekwisha kufungwa, ubavu mmoja bado haujazibwa. Nikasikia hatua zake nyuma yangu. Hatua za Antoni nazijua hata nikiwa usingizini.

"Dorotea."

"Lini?"

"Jana, baada ya kazi."

"Uliwaambia nini?"

"Niliwaambia Mama anataka kuolewa, na jina ndilo linalozuia. Nikawauliza kama wanaweza kumsaidia Mama."

"Wakasemaje?"

"Shimba aliuliza kama baada ya harusi nitaendelea kuja kufundisha. Nikasema ndiyo. Akasema basi sawa."

Basi sawa! Mtoto aliyeshika kadi ya zahanati kwa mikono miwili kutoka mjini mpaka Pasiansi. Aliliuza jina lake kwa ajili yangu kwa neno hilo tu, na sikuwepo hata kumwambia asiliuze.

"Ungeniambia mimi," nikasema.

"Wewe ungekataa."

"Ndiyo maana mtu huambiwa, Antoni. Ili apate kukataa!"

"Nilifikiri ni jina tu!" Sauti ilimpanda, jambo ambalo si lake. "Wakifaulu watakuwa mafundi hata wakiitwa nani. Watakula. Watalala ndani. Wewe nikikukosa, nitakupata wapi? Sema, Dorotea. Wewe mwingine yuko wapi?"

Alikuwa amesimama karibu mno, ananukia mbao mbichi na sabuni ya kufulia, na kitu ndani yangu kilikuwa kikisema mkumbatie huyu mtu, andika hizo fomu, wavulana watasahau. Wavulana husahau.

"Baba mdogo aliuza mtumbwi wake ili mimi nisomee ufundi," akasema kwa sauti ya chini. "Alirudi kuvua kwenye mtumbwi wa mtu mwingine, kwa ajili yangu. Nimwambie nini?"

"Sijui. Na mimi sijui nitamwambia nini baba yangu. Nimempa jina lake kila aliyepita, sikumwuliza."

Akanishika mkono. Kiganja chake kigumu, kina kovu la tezo, ile ya kuchongea mbao, chini ya kidole gumba. Kovu hilo nimelishika mara nyingi nikijifanya nalipima.

"Nakupenda," akasema.

"Najua. Mlango wangu haukwaruzi."

Akataka kucheka, akashindwa, na mimi nikashindwa.

"Lakini nitalalaje na wewe," nikasema, "nikijua kila asubuhi kuna watoto kumi na moja waliofutwa ili kitanda chetu kipatikane? Rudi ndani. Fomu ziko mezani kwangu. Saini au usisaini, mimi sitakuomba tena. Na mimi jina lile silifuti."

"Nikisaini, posa imekufa."

"Najua."

"Mwanaume hajiposei. Bila baba mdogo, mimi kwenu ni mpita njia."

"Najua, Antoni. Usinifanye niseme mara tatu."

Tulirudi ukumbini tumeachana hatua kumi, kama watu waliokutana njiani. Vijana walikuwa bado wamesimama ukutani. Baba alikuwa wima, ameegemea fimbo.

"Binti yangu amenikosea," alikuwa akimwambia Mzee Ogweno. "Amechukua jina langu akaligawa kama karanga za msibani. Hilo ni langu na yeye, na ataniona." Akanitazama hapo, na nikajua kweli nitamwona. "Lakini mimi nimechambua pamba miaka thelathini na moja, mzee. Pamba mbaya naijua kwa kushika tu. Hawa nimewashika. Kijana anayejivua jina mbele ya watu wazima ili mama yake apate mume, huyo si wa kuokota. Mtoto wa nje angeling'ang'ania."

Akamgeukia Shimba.

"Wewe. Shimba nani?"

Shimba alinitazama. Sikumfanyia ishara yoyote. Sikuwa na nguvu ya kufanya ishara.

"Shimba Malimi, babu."

"Sema kwa sauti. Mimi masikio yangu mashine za kiwanda zimeyala."

"Shimba Malimi!"

"Haya. Watajenga kwangu, Mzee Ogweno. Nina eneo Magu, na sina mtoto wa kiume wa kulilima. Kwenu hawatakuja kuomba hata kijiti."

Nilidhani mambo yamekwisha. Hata Shangazi Agutu alipiga makofi mara moja, kisha akaona ni yeye peke yake anayepiga.

"Umesema vema," Mzee Ogweno akasema, na aliinamisha kichwa kwa heshima ya kweli. "Lakini neno la mzee huzikwa naye. Wewe ukiondoka, wapwa zako watawafukuza hawa kabla matanga hayajaisha. Wataenda wapi? Kwa mama yao. Na mama yao atakuwa kwetu. Mimi nataka karatasi isiseme."

Baba akaitazama fimbo yake. Wapwa zake anawajua.

Antoni alipita katikati ya watu, akaingia ofisini kwangu. Alitoka na fomu zote na kalamu yangu ya bluu. Aliketi mwisho wa meza, pale wageni walipokula, akasogeza bakuli la mifupa, akainama, akaanza kuandika.

Mzee Ogweno alisema neno moja kwa Kijaluo. Antoni aliendelea. Akasema tena, kwa sauti ya juu zaidi. Antoni akageuza fomu, akachukua nyingine. Alikuwa akiandika polepole kama anavyopima mbao, na kila moja ilimchukua muda mrefu hata nikashangaa. Saini yake ni fupi, nimeiona mara nyingi. Sikuweza kusogea nitazame. Nilibaki nimeshika kiti. Kila karatasi aliyogeuza nilijua ni siku fulani ya maisha yangu inayogeuzwa: hii harusi, hii nyumba, hii mtoto wangu mwenye macho yake. Kumi na moja.

Akaweka kalamu chini.

Mzee Ogweno akavaa kofia yake humo humo ndani, jambo lisilofanywa. "Umesaini," akasema. "Basi mimi sina posa hapa. Ng'ombe za baba yako ninazo mimi, na hazitatoka. Basi la Musoma linaondoka saa nane. Utanirudisha nyumbani, ukoo utataka kukusikia, na sijui watakushika siku ngapi." Kisha akampa baba mkono. "Mzee, tumekula vizuri. Una binti jasiri. Laiti angekuwa na kosa dogo."

Shangazi Bernadeta alinitazama, na bahati yake hakusema kitu.

Shangazi Agutu alinikumbatia muda mrefu, akaniachia machozi yake begani. Antoni alikuwa wa mwisho kutoka. Alisimama mlangoni, mwanga wa ziwa nyuma yake, na safari hii macho yetu yalikutana. Nilitaka kusema kaa. Neno lenyewe ni dogo, herufi tatu, na lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini mtu aliyesomeshwa kwa mtumbwi wa baba yake mdogo uliouzwa huwezi kumwambia kaa.

"Jumanne?" nikauliza.

"Sijui kama wataniachia."

Akainama kidogo, kama alivyokuwa akinisalimia miaka mitatu iliyopita, kabla hatujajuana. Akaondoka. Nilimsikia akiteremka kwenye mawe, hatua zake nazijua, mpaka sikuzisikia tena.

Ukumbi ulibaki na harufu ya samaki. Baba aliketi kwenye kiti cha Bruda, akavua koti, akaonekana mzee ghafla. Vijana walianza kuondoa vyombo bila kuambiwa. Maige alikuwa akilia juu ya sinia, akidhani yeye ndiye aliyeharibu kila kitu kwa kusahau maneno, na Petro alikuwa akimwambia anyamaze, ashike sinia vizuri, litaanguka.

Shimba aliziokota fomu, akazigongagonga mezani zilingane, akaniletea. Alikuwa akizitazama kwa wasiwasi.

"Mama, mwalimu amekosea."

"Amekosea nini?"

"Saini yake iko pale chini, sawa. Lakini ameandika na mahali ambapo si pake. Zote. Angalia."

Nikazipokea. Juu, mwandiko wangu: Shimba Malimi. Chini yake, mstari ule niliouacha wazi, wa jina la baba. Haukuwa wazi tena. Kwa wino wa bluu, herufi kubwa zilizosimama wima, alikuwa ameandika *Antoni Okwach*. Nikafungua ya pili. *Antoni Okwach*. Ya Masanja. Ya Maige. Mbele ya baba yake mdogo, huku akiambiwa acha, alikuwa ameliandika mara kumi na moja jambo lile lile ambalo ukoo wake ulisafiri kutoka Rorya kuja kulizuia, na hakuniambia, maana yeye huwa haambii mtu anapotengeneza kitu.

Baba alikuwa ananitazama. "Ameandika nini?"

Nilizikumbatia zile fomu kifuani.

"Ni wino, haufutiki kwa kifutio," Shimba akasema. "Nikalete wembe nikwangue taratibu, Mama? Nitaweza, karatasi haitatoboka."

"Acha," nikamwambia, na sauti ilitoka vibaya. "Hajakosea. Hapo ndipo pake."